Omuramura Katikati ya Kibanja

Koku aliponipigia simu kuniambia kwamba bustani ya baba yake sasa inapokea wageni, nilicheka kwanza. Katika nyumba ile hakuna mtu aliyewahi kusema bustani. Bustani walikuwa nayo mapadri, yenye maua na kamba ya kuzuia mbuzi. Sisi tulikuwa na kibanja, shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba mpaka mlangoni, ambamo mtu huzaliwa, hula, na akifa huzikwa humo humo. Lakini Koku alisema bustani kama mtu aliyekwisha kulizoea neno, akanieleza kwamba wanafunzi wanakuja kutoka Kayanga, watu wa redio wanakuja, na hata mzungu mmoja alikuja akauliza habari za enanga mpaka chai ikapoa. Enanga ndiyo iliyompa baba yake jina. Ni ubao mrefu uliochongwa ndani kama sinia, wenye nyuzi zinazokwenda na kurudi, na mpigaji huulaza mapajani. Mzee Kamugisha akiulaza mapajani, watu waliokuwa wakigombana kwenye harusi waliahirisha ugomvi wao. Koku alipomaliza kujisifu, sauti ikamshuka. Mama yake, Ma Adelina, alikuwa amezikwa mwezi uliopita, nami sikwenda. Nikamwambia ni goti. "Najua ni goti," akasema. "Njoo na goti lako."

Nikaenda. Nimeishi Mwanza miaka mingi kuliko nilivyoishi mahali pengine popote. Nimezaa watoto huko na mume wangu nimemzika huko, na hakuna hata mmoja kati yao aliyepata kujua kwamba niliwahi kukaa mwaka mzima Igurwa, kijijini kwa kina Koku, na kwa sababu gani. Walijua tu kwamba Mama ana rafiki Karagwe anayemletea senene zilizokaangwa vizuri. Basi liliniteremsha Omurushaka jioni, nikalala gesti iliyokuwa inanuka rangi mpya, na asubuhi Koku akaja na pikipiki mbili, yake na yangu, kwa sababu alisema watu wa umri wetu hawabanani kwenye kiti kimoja. Amenenepa. Anatembea kama mama yake, mikono nyuma, macho chini, akitafuta magugu hata kwenye lami. Nilipomwona akija hivyo nilijikaza, maana kwa dakika nzima nilidhani ni Ma Adelina mwenyewe anakuja kuniuliza kwa nini nimechelewa.

Jinsi nilivyofika kwao mara ya kwanza ni habari ndefu na sitaieleza yote. Itoshe kusema nilikuwa na miaka kumi na saba, mimba ilikuwa imeanza kuonekana, aliyenipa mimba alikuwa amevuka mpaka kwenda Uganda, na kwetu, upande wa Kyerwa, binti wa namna hiyo hakuruhusiwa kujifungulia nyumbani kwa baba yake. Ilisemekana ataleta mkosi kwenye kibanja. Shangazi yangu alimfahamu Ma Adelina kwa mambo ya kwaya. Akanifikisha na kifurushi changu, akanywa kahawa, akaaga kabla ndizi hazijaiva. Nilipewa chumba cha kahawa. Magunia ya kahawa kavu yalipangwa mpaka karibu na mabati, na kati ya magunia na ukuta palikuwa na kitanda kimoja ambacho nililala na Koku, mtoto wa miaka kumi na moja, mwenye maswali na miguu ya baridi. Harufu ya chumba kile, ya maganda makavu na vumbi na moshi wa jikoni uliopenya tofalini, nimeikuta mara mbili tatu maishani katika maghala ya watu, na kila mara imebidi nitoke nje.

Ma Adelina hakunipokea kwa maneno mazuri. Alinipokea kwa kisu cha kumenyea ndizi. Alikaa akanitazama nikimenya, kisha akaokota ganda langu, akalipima kati ya vidole, akauliza kama kwetu huwa tunawalisha mbuzi kwanza ndipo watu. Nilimwogopa miezi mitatu. Alikuwa mtu wa jembe. Ukiondoa Jumapili, hakuna siku iliyopita bila yeye kuingia kibanjani, mvua au jua, akipalilia, akitandaza nyasi chini ya migomba, akisema na mimea kwa ukali ule ule aliosema nao na sisi. Lakini jioni, ndizi na maharage zikishapakuliwa juu ya jani, nilikuwa naona upande wangu una maharage mengi kuliko upande wa Koku, na Koku alipolalamika aliambiwa ale anyamaze. Hivyo ndivyo alivyopenda watu. Ilinichukua muda kuelewa, na nilipoelewa nilimpenda hivyo hivyo, kimya kimya, kwa kumenya maganda membamba.

Mzee alikuwa kinyume chake kabisa. Alipenda mzaha na alipenda kukaa. Jioni alishusha enanga kutoka ukutani, akakaza nyuzi, akapiga kidogo, akakaza tena, na kwa kweli sehemu kubwa ya muziki niliousikia mwaka ule ilikuwa ni kukaza nyuzi. Mtoto alikuwa akicheza tumboni kila enanga iliposhushwa. Nilipomwambia Ma Adelina, akaenda kumwambia mumewe, na Mzee akasema basi huyo atakuwa mpigaji, na kwamba tayari anamshinda kwa kushika mdundo. Alisema mbele ya watu, bila haya, kana kwamba mtoto wangu alikuwa mtoto kama watoto wengine. Hakuna mtu mwingine mwaka ule aliyesema habari zake hivyo. Ndiyo maana nalikumbuka neno hilo kuliko nyimbo zake zote.

Siku moja baada ya chakula nilikuwa nimekwisha ingia kitandani nikamsikia Laurean, mdogo wake Mzee, sebuleni. Kibanja chake kilipakana na hiki upande wa bondeni, na alikuwa na sauti ya mtu asiyejua kunong'ona. Alisema hana neno na binti. Binti ale, binti alale, ajifungue salama. Ila damu yake isiingie katika udongo huu. Hata aliye mgeni Karagwe ataelewa hofu yake nikieleza kidogo: kwetu, anayezikwa ndani ya kibanja amekuwa wa kibanja. Kaburi ndilo linalosema shamba ni la nani. Huwezi kumlaza mtoto wa ukoo usioujua kati ya baba zako, kisha kesho ukasema kwamba watu wake hawana sehemu pale. Nilisubiri Mzee ajibu. Nilisikia uzi mmoja ukikazwa, ukipanda polepole, kisha Ma Adelina akamuuliza shemeji yake kama ataongezewa kahawa.

Nilijifungua wakati wa mvua za Pasaka, mtoto wa kiume. Mkunga alimshika miguu, naye akalia mara moja, sauti ndogo ya kukwaruza, akawekwa kifuani kwangu akiwa wa moto. Hakulia tena. Mchana ule alikuwa bado anapumua na jioni hakuwa anapumua. Ma Adelina ndiye aliyemtoa mikononi mwangu, na ndiye aliyeanza kulia, yule mwanamke mkali, machozi yakimtiririka bila sauti. Mimi nilifungua kinywa nilie kama watu wanavyolia msibani, na yeye akaniziba kwa kanga. Akaniambia sikioni nilie ndani. Majirani wangesikia, Laurean angesikia, na msiba ukishajulikana watu wanakuja, wanakaa kwenye nyasi, wanauliza anazikwa wapi. Nikalia ndani. Sijui kama mtu ambaye hajafanya hivyo anaweza kujua ni kitu gani. Kilio kinashuka kinakaa mahali, na hakitoki.

Watu waliambiwa kwamba shangazi yangu alikuja alfajiri akamchukua maiti akamzike kwao. Koku naye aliambiwa hivyo, akaamini. Lakini alfajiri ile hakuna aliyekuja. Mzee alichimba mwenyewe, kwa mikono ile iliyotunzwa kwa ajili ya nyuzi, katikati kabisa ya kibanja, kati ya jiko na kahawa, mahali ambapo migomba ilikuwa minene na mtu wa njiani hawezi kuona. Ma Adelina alinishika kiunoni nikasimama. Mtoto alikuwa ndani ya kanga yake mpya. Udongo uliporudishwa niliomba tupande mgomba juu, kama nilivyoona kwetu kwa watoto wachanga. Mzee akatikisa kichwa. Alikuwa amekuja na kipande cha omuramura, ule mmea wenye majani marefu ambao kila mtu kwetu hupanda mpakani, kati ya shamba lake na la jirani, kwa sababu hauli ardhi, haufi, na hausogei.

"Mgomba unatembea, mwanangu," akaniambia. "Leo unazaa pembeni, kesho yule wa pembeni naye anazaa pembeni yake. Utarudi hapa ukiwa mzee kama mimi, utaukuta kule, utalia mahali ambapo hayupo. Huu utaukuta hapa."

Akausimika, akaukanyagia udongo kwa kisigino. Ma Adelina akasema watu watauliza mpaka unafanya nini katikati ya shamba. Mzee akasema waulize, na wakichoka kuuliza watajijibu wenyewe.

Sasa kuna jambo moja ambalo nimelibeba miaka hii yote kama watu wanavyobeba hirizi. Mahali palipo na msiba jembe haliingii shambani, wala ngoma haipigwi. Wiki ile Mzee alilegeza nyuzi zote za enanga akaitundika imegeukia ukuta. Watu walikuja kutoka Kiruruma kumwita kwenye harusi, akawaambia nyuzi zimeingia unyevu. Na Ma Adelina, ambaye majirani waliweza kujua saa kwa jembe lake, alikaa ndani. Magugu yalipata raha. Waliopita kuuliza aliwaambia kwamba mgongo unamuuma. Nilikuwa kitandani, maziwa yananiuma, namsikia mlangoni akimweleza kila mtu kwa zamu, mgongo, mgongo, na kila alipolisema nilijua anamwomboleza mwanangu. Koku maskini alikuwa akimkanda kwa samli kila jioni, na Ma Adelina alilala kifudifudi akakandwa mgongo usiouma, kwa sababu hakuna jinsi nyingine.

Niliondoka baada ya mavuno ya kahawa. Nilirudi mara moja tu, kumzika Mzee, na siku hiyo omuramura ulikuwa umenifika begani. Nilisimama mbali nao kwa sababu watu walikuwa wengi. Ma Adelina, katikati ya msiba wake mwenyewe, alipita karibu yangu akaniambia kwamba pale hapaingii jembe la mtu mwingine, anapafagia yeye. Nikarudi Mwanza nikakaa miaka mingine mingi nikiwa na amani ya namna fulani, maana nilijua yupo. Alipokufa nililia kwa ajili yake, na baada ya siku mbili tatu nikaanza kuogopa.

Basi tulipofika na pikipiki zetu nilitaka niende moja kwa moja nyuma ya jiko, lakini Jovina, binti wa Koku, alikuwa amejiandaa. Ndiye anayewatembeza wageni. Ana fulana yenye picha ya babu yake na kijiti cha kuonyeshea, na ana sauti ya mtangazaji. Aliniamkia shikamoo kwa magoti, kisha akasimama akawa mtu mwingine, akasema karibuni katika makazi ya mfalme wa enanga. Nilikuwa peke yangu na goti langu. Akanionyesha jiwe ambalo babu alikalia akitunga nyimbo. Jiwe lile tulikuwa tunafungia mbuzi, lakini sikusema. Akanionyesha msizi ambao enanga yake ya kwanza ilichongwa kutokana nao, mti ambao kama ulikuwepo mwaka ule ulikuwa hauzidi fimbo. Nilikuwa nacheka moyoni, nikamwona mzuri, nikamwona Mzee katika mdomo wake. Kisha tukazunguka jiko.

Mnyauko umepita pale. Migomba minene ya katikati yote iling'olewa zamani, na mahali pake pamepandwa maharage. Katika uwazi ule omuramura ulisimama peke yake, umekuwa mti, umepita paa la jiko. Chini pamefagiliwa, ila majani ya wiki chache yameanza kulala. "Na huu," Jovina akasema, "ulikuwa mpaka wa Mzee na mdogo wake." Akaeleza jinsi ndugu wawili walivyogombana, wakagawana kibanja hapa katikati, na jinsi enanga ilivyowapatanisha. Ilikuwa hadithi nzuri yenye mwanzo na mwisho. Watu walikuwa wamejijibu wenyewe, kama Mzee alivyosema. Mtu wa Karagwe akiona omuramura, ataona mpaka. Hana kingine cha kuona. Lakini mimi nilikuwa natazama chini. Palikuwa na vigingi vinne vimepigwa ardhini na kamba imezungushwa, na omuramura uko ndani ya kamba.

Nikauliza hii ni nini. Koku akajibu, kwa furaha kabisa, kwamba ni choo cha wageni. Wanafunzi wakija hawana pa kwenda, ni aibu. Mafundi wanakuja kesho kuchimba shimo. Mama hakutaka omuramura uguswe, alisema mpaka wa watu hauchezewi, lakini watoto wa Laurean wameshasema wao hawajui mpaka wowote hapa, na shamba ni moja, sasa wa nini.

Goti lilikataa. Nilikaa chini, kwenye udongo, ndani ya kamba. Koku akadhani nimeanguka, akaja kuninyanyua. Nilimshika mkono nikamzuia.

"Koku, siyo mpaka," nikasema. "Ni mwanangu."

Nikawaeleza. Sikuwahi kuieleza habari hii kwa sauti, na niligundua kwamba ni fupi, inaisha mara moja. Jovina alikuwa amesimama na kijiti chake. Koku alisikiliza akitazama majani. Akasema mama yake alimwambia shangazi yangu ndiye aliyembeba. Nikamwambia alisema hivyo ili Laurean asikie. Nikaona anarudi nyuma, miaka yote ile, anapita chumba kimoja baada ya kingine, mpaka akafika mahali.

"Na mgongo?" akauliza.

Nikamwambia haukuwa unauma.

"Nilimkanda," Koku akasema. "Kila siku nilimkanda."

Jovina akauliza, kwa upole, mtoto aliitwa nani. Kwetu jina hutolewa na ukoo wa baba, na baba hakuwepo, na muda haukuwepo. Nilimwambia hakuwahi kuitwa. Hilo ndilo lililonivunja, kumwambia msichana yule kwamba sina hata neno moja la kumwita.  Koku aligeuka akaenda jikoni. Tulikula ndizi jioni ile karibu bila maneno, na nilielewa, au nilidhani naelewa. Nilikuwa nimemwambia mara moja kwamba mama yake alimdanganya, na kwamba kuna mtu wa damu ngeni amelala katika udongo wa baba zake, na mtu huyo ana mama, na mama amekuja. Laurean aliogopa neno hilo hilo. Koku alikuwa na haki ya kuling'oa lile jani na kuchimba choo chake. Nilijiambia kwamba asubuhi nitaomba nipewe muda nimfukue, nimpeleke Mwanza, nimweke kwa mume wangu ambaye hakumjua. Niliyapanga hayo yote nikiwa nimelala katika chumba cha kahawa, ambacho sasa kina vitanda viwili vya wageni na chandarua cha bluu, na ukuta bado unanuka vile vile.

Asubuhi niliamshwa na sauti za wanaume wakisalimia nje, na majembe na sururu vikitupwa chini. Nikakaa kitandani. Nilimsikia Koku akifungua mlango, akasimama kizingitini, hatua chache kutoka kwangu, mahali pale pale mama yake alipokuwa akisimama. Mmoja akamuuliza waanzie upande gani. Koku akasema leo hakuna kuchimba. Yule fundi akauliza basi kesho? Koku akasema wala kesho, na wiki hii jembe lolote lisiingie kibanjani, hata la kupalilia maharage.

"Kuna nini, mama?" yule fundi akauliza.

"Mgongo unaniuma," Koku akasema.

Kilio kilitoka. Sikukiita. Kilitoka kikubwa, cha sauti, kile cha msibani, kile nilichozibwa kwa kanga, na safari hii hakuna mkono uliokuja kuniziba. Nilisikia Jovina akikimbia, nikasikia Koku akimwambia mwache. Kisha nje pakawa kimya, na kupitia dirishani nikawaona wale wanaume, ambao hawakunijua wala hawakuambiwa lolote, wanasogeza majembe yao pembeni, wanavua kofia, wanakaa kwenye nyasi.